Mbuzi wa Mgeni Rasmi

Neno lilimponyoka. Philomena alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake mpya, mikono ameikunja tumboni, simu za watu zimemwelekea usoni, na Mwalimu Theodory, mwenyekiti wa kamati ya harambee, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumtaja mgeni rasmi kwa majina yake yote matatu. Mgeni rasmi, Joakimu, akasogea na kunyoosha mkono. Philomena akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na kabla hajafikiri akasema, "Shikamoo."

Joakimu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Philomena alikuwa ameshaolewa na ana mtoto wake Yonas mgongoni wakati Joakimu akipita njia hii hii ya Maretadu kwenda shule, kaptura imechanika nyuma, akimwamkia kila asubuhi kama watoto wote walivyofundishwa. Siku ile ya kukabidhi nyumba Joakimu alisita kidogo. Alizitazama simu, akamtazama Mwalimu Theodory, kisha akafanya lile ambalo wengi wangelifanya mbele ya halaiki. "Marahaba, mama," aliitikia, na watu wakapiga makofi.

Nyumba ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Ile ya zamani ilikuwa imeangushwa na mvua za mwanzo wa mwaka, mlima ulipolegea na tope kushuka korongoni usiku kucha. Ukuta ulimwangukia Sebastiani, mumewe, ukamvunja mguu. Nyumba ya jirani yao Tadei nayo ilikwenda na tope, lakini Tadei na mkewe walikusanya kilichokusanyika wakahamia kwa ndugu zao Dongobesh. Kwa hiyo kigango, kanisa dogo la hapo kijijini, kilipofanya harambee ya kuwasaidia majirani wenye shida, wenye shida waliobaki kuonekana kwa macho walikuwa Philomena na mumewe peke yao.

Na harambee ilifana. Kwaya iliimba mpaka ikapoteza sauti. Jogoo mmoja alinunuliwa, akarudishwa mnadani, akanunuliwa tena na tena, hata jogoo mwenyewe akaonekana kuchoka na umaarufu. Joakimu, mfanyabiashara wa nafaka mwenye duka kubwa Dongobesh, alishika kipaza sauti akaahidi mabati ya nyumba nzima. Ahadi za kwenye kipaza sauti tunazijua, nyingi huishia hapo hapo kwenye kipaza sauti, lakini ya Joakimu ilifika kwa gari kabla ya Pasaka ikiwa na misumari yake. Philomena alilia siku ile, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Basi ikaanza kazi ya kushukuru. Alishukuru kanisani, akashukuru kwenye jumuiya, akashukuru ofisi ya kijiji. Wageni wa parokia wakipita, gari lilisimama barabarani na mtu akaita, "Mama Yonas, hebu toka kidogo wageni wakuone." Naye alitoka, ugali akiuacha jikoni unashika chini ya sufuria, akasimama pale pale mlangoni palipokuwa na mwanga mzuri wa picha. Alijifunza sura inayotakiwa. Akinuna, wataona mabati yamepotea bure. Akicheka sana, wataona hakuwa na shida. Siku moja alivaa kitenge chake kizuri kwenda msibani, akasikia nyuma yake mtu akisema kwa sauti ya chini kwamba kumbe hali si mbaya. Kitenge kile alikikunja akakirudisha kwenye sanduku.

Kisha kulikuwa na vyombo. Siku zile za mwanzo, wakati wamehifadhiwa kwenye ghala la jirani yao Fausta, wanawake wa kitongoji walileta kila walichonacho: maziwa kwenye vibuyu, makande kwenye sufuria, unga kwenye ndoo na kwenye mabeseni. Vyakula viliisha siku nyingi, vyombo vikabaki. Vilikuwa vimepangwa ukutani ndani ya nyumba mpya, vimeoshwa vikang'aa, na kila asubuhi Philomena alivipita akiangalia pembeni. Huku kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hakuna anayekueleza jambo hilo, binti hulijua kabla hajajua kufunga kanga vizuri. Unaweka viganja vya maharage, mayai mawili, hata chumvi, mradi mwenye chombo asikipokee kikiwa chepesi. Na Philomena hakuwa na kitu cha kuweka.

Ndiyo maana alipanda maharage mapema, mafundi wakiwa bado wanapigilia paa. Nyuma ya nyumba kilikuwapo kipande cha shamba ambacho tope halikukifikia. Alikilima peke yake, kwa kuwa Sebastiani alikuwa bado anatembea kwa fimbo, na maharage yalipochipua aliyatazama kwa hamu iliyomtia aibu. Yakikomaa, angejaza kila kibuyu na kila beseni, angepita nyumba kwa nyumba mchana kweupe, angekaa, angeongea, angesengenya kidogo kama watu wengine. Hayo tu ndiyo aliyoyataka.

Fausta alimvunja moyo bila kujua. Alipita siku moja kuomba moto, akaliona sufuria lake ukutani, na Philomena akawahi kusema kwamba lisingekawia, alikuwa anangoja maharage yakauke.

"Usijali, Mama Yonas," Fausta alisema kwa upole. "Hatukidai chombo."

Aliondoka na moto wake, akamwacha Philomena amesimama katikati ya nyumba akilirudia neno lile. Hatukidai. Fausta angesema "sikidai", ingekuwa habari ya wanawake wawili na sufuria. Lakini alisema "hatu", maana yake walikuwa wamekaa wakalizungumza. Walikuwa wamekubaliana, kwa huruma kabisa, kwamba Mama Yonas asihesabiwe. Mtu asiyehesabiwa haalikwi kuchangia harusi ya jirani, wala haombwi unga usiku wageni wanapofika ghafla. Philomena alikaa chini akaona nyumba ile imemzunguka pande zote, na paa lake zuri limemfunika.

*

Mbuzi wa Joakimu walianza kushuka maharage yalipotoa maua. Joakimu alikuwa na boma lake juu kidogo ya kitongoji, na mchungaji wake alikuwa ameacha kazi akarudi kwao Mogitu. Tangu hapo mbuzi walijichunga wenyewe. Walikuwa wanene, wenye manyoya safi, na walitembea shambani kwa Philomena bila wasiwasi, kana kwamba nao walichangia.

Mara ya kwanza aliwafukuza kwa kanga, polepole, akiangalia barabarani asije akaonekana anamtupia jiwe mbuzi wa mfadhili. Mara ya pili alikuta mstari mzima umebaki vikonyo. Jioni akamwambia mumewe.

"Usimwambie kitu," Sebastiani alisema. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. "Tafadhali. Watu watasemaje?"

"Watasema mbuzi wamekula maharage."

"Hawatasema hivyo na wewe unajua. Watasema tumejengewa, sasa tunadai na shamba." Alipapasa goti lake. "Miye nikienda dukani siku hizi nanunua kiberiti tu. Nikinunua sukari naona macho yote mgongoni. Vumilia, Mama Yonas. Itapita."

Philomena alimhurumia, maana Sebastiani wa zamani alikuwa mtu wa kubishana, aliyeweza kugombea mpaka wa shamba tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Mvua ilikuwa imeondoka na ugomvi wake pamoja na nyumba.

Hata hivyo alijaribu. Alikutana na Joakimu njiani karibu na kisima, Joakimu akiwa juu ya pikipiki. Alizima injini. Alisubiri tu akitabasamu, na Philomena akatambua kwamba mtu huyu sasa alikuwa anasubiri salamu yake. Huenda hata mwenyewe hakujua kwamba anaisubiri. Ulimi ukawa mzito, kisha ukafanya kama ulivyozoea.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Mnaendeleaje na nyumba? Haivuji?"

"Haivuji. Tunashukuru sana."

"Mzee mguu?"

"Unaendelea. Tunashukuru."

"Basi tumshukuru Mungu," Joakimu alisema, akawasha pikipiki. Mbuzi hawakutajwa. Philomena alisimama kando ya njia vumbi likimshukia, akajichukia, kisha akamchukia na Joakimu, ingawa moyo ulimwambia kwamba mtu hachukiwi kwa kuuliza kama nyumba inavuja.

Wiki ile ile Mwalimu Theodory alimtembelea. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu safi, anayependa jambo liende kwa mpangilio. Alileta habari njema: Jumapili ya Pentekoste kungekuwa na misa ya shukrani kwa wote waliochangia, padri angekuja mwenyewe, na mama angesema neno.

"Neno jingine?" Philomena aliuliza.

"Hili ndilo kubwa. La kufunga." Mwalimu alivua kofia akaiweka gotini. "Uanze na mgeni rasmi, ndiyo heshima. Halafu kamati, halafu kwaya, halafu waumini wote kwa ujumla wao. Usirefushe. Na ukilia kidogo si vibaya, watu wataguswa. Tunafikiria kusaidia na kaya nyingine mwakani."

Alisema bila ubaya wowote. Philomena alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi kupitia shambani. Mbuzi walikuwa wamekuja na kuondoka. Katika shamba lote ulikuwa umebaki upande mmoja tu wenye maganda mazuri, ule wa karibu na mti wa mfurufuru, na hata huo ulikuwa umeguswa pembeni. Alipiga hesabu ya vyombo kichwani, akaona kwamba upande huo ukienda, hakutakuwa na kitu cha kuweka hata kwenye kibuyu kimoja.

*

Asubuhi ya Pentekoste ukungu ulikuwa bado haujainuka na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Philomena alikuwa ameshaoga, amevaa gauni la kanisani, lile la kawaida, si kitenge. Alitoka nyuma kumwaga maji akasikia kutafuna.

Walikuwa watatu. Wawili walikimbia walipomwona. Wa tatu, jike kubwa lenye madoa meupe, liliinua kichwa, ganda la maharage likining'inia mdomoni, likamtazama. Kisha likainama likaendelea kula. Kama lingekimbia, huenda Philomena angekwenda kanisani, angeanza na mgeni rasmi, angelia kidogo kama alivyoelekezwa, na maisha yangeendelea vile vile. Lakini liliendelea kula.

Alilishika pembe. Lilikuwa na nguvu, likamburuta kati ya matuta, gauni likaloa umande na kuchafuka magotini, naye hakuachia. Alilivuta mpaka mbele ya nyumba, akalifunga kwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Sebastiani alitoka na fimbo yake, shati limefungwa vifungo nusu.

"Huyo ni mbuzi wa Joakimu," alisema.

"Ndiye."

"Umemfunga mbuzi wa Joakimu? Leo?"

"Angekuwa wa Fausta ningemfunga. Angekuwa wa Tadei ningemfunga, na wewe ungenisaidia kamba." Alikuwa anahema. "Mbuzi akikamatwa shambani hufungwa kwa mwenye shamba mpaka mwenyewe aje na shahidi. Tangu lini imekuwa vingine?"

Sebastiani alikaa kwenye kigoda akamtazama mbuzi kwa huzuni, na mwishowe akasema yeye haendi kanisani, mguu unamuuma. Philomena alijua kwamba mguu hauumi, lakini hakumlazimisha. Alijipangusa magoti, akashika njia.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Joakimu alikuwa benchi la mbele, suti ya kijivu, mkewe Monica pembeni yake. Baada ya komunyo Mwalimu Theodory alisimama, akaeleza safari yote ya harambee, akataja baraka za Mungu na mshikamano wa waumini, kisha akamwita Mama Yonas. Philomena alipita katikati akiona nyuso za wanawake mmoja mmoja, na kila uso ulikuwa na chombo chake. Fausta alimtikisia kichwa kumpa moyo. Aliogopa kuliko alivyoogopa usiku wa tope, kwa sababu usiku ule hakukuwa na la kuchagua.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina."

"Ndugu zangu, asanteni. Tulikuwa nje mkatuingiza ndani. Sebastiani angekufa kwa baridi. Kwaya asanteni, kamati asanteni, Mwalimu asante." Hapo Mwalimu Theodory alikunja uso, kwa sababu mpangilio ulikuwa umevurugika. "Kuna walioleta maziwa wakati ng'ombe wao wenyewe wamekauka. Nawajua. Sijasahau."

Akageukia benchi la mbele. Joakimu alikuwa ameshaweka tabasamu tayari, anasubiri. Neno lile lilikuja kweli, lilifika mpaka kwenye meno, na Philomena akalimeza.

"Joakimu, mdogo wangu," alisema. "Mabati yako ni mazuri, hayavuji. Asante. Mungu akuzidishie wewe na mkeo na watoto. Na mbuzi wako nimemkamata asubuhi hii anakula maharage yangu. Nimemfunga kwangu. Uje na shahidi."

Akarudi kukaa.

Padri alishusha macho akatazama viatu vyake. Kwenye kwaya mtu alianza kucheka, akajifanya anakohoa, na kikohozi kikawaambukiza wa jirani. Mwalimu Theodory alichukua kipaza sauti, akakifungua, akakizima, akakifungua tena, akasema tumshukuru Mama Yonas kwa maneno yake, sasa tusimame kwa baraka ya mwisho. Monica alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye benchi akimtazama Philomena, na macho yake hayakuwa na huruma hata chembe.

Alitembea peke yake kurudi nyumbani. Wanawake walikuwa nyuma yake, wamejikusanya, wanaongea kwa sauti za chini, na hakuna aliyeharakisha kumfikia. Njiani ujasiri wote ulimtoka. Alijiona ameyavunja kwa mkono wake mwenyewe mambo yaliyojengwa na watu wengi. Mwakani Mwalimu Theodory angesimama kuomba msaada kwa kaya nyingine, na watu wangesema hapana, tuliwaona wa mwaka jana. Alifikiria Dongobesh, chumba kimoja karibu na kwa Tadei, ambako hakuna mwenye kibuyu chake. Alifika nyumbani akavua viatu, akakaa karibu na mumewe. Mbuzi alikuwa amelala chini anacheua.

Joakimu hakukawia. Alikuja na suti yake ile ile, na nyuma yake Mzee Bonaventura, aliyeshuhudia kesi za mbuzi na mipaka tangu enzi ambazo hakuna mwenye suti kitongojini. Philomena na mumewe walimwamkia mzee. Joakimu hakumsalimu mtu.

"Umeniaibisha mbele ya padri," alisema.

"Nimekushukuru mbele ya padri."

"Mimi niliyekuezekea nyumba."

"Kwa hilo nimeshasema asante, na watu wote wamesikia. Hilo limekwisha." Aliinuka. "Twende shambani."

Mzee Bonaventura alikohoa kukubali. Wakazunguka nyuma ya nyumba, Sebastiani akifuata kwa fimbo. Ukungu ulikuwa umeinuka na uharibifu ulionekana wote. Joakimu alisimama mwanzoni mwa matuta mikono kiunoni. Philomena alimwona uso ukilainika alipoona vikonyo, akaona mkono ukienda mfukoni. Sasa angetoa noti. Angesema pole mama, shika hii, na yote yangerudi pale pale.

Lakini Joakimu alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Mkono ulitoka mfukoni na kitambaa cha kufutia viatu. Aliinama, akang'oa shina moja, akaligeuza.

"Hili halikuliwa na mbuzi," alisema. "Hili ni wadudu."

"Wadudu gani wanaacha kinyesi kile?" Philomena alionyesha kwa kidole.

"Na umebananisha mno. Hata bila mbuzi, hapa usingepata kitu."

"Nimepanda kama alivyopanda mama yako. Alinifundisha yeye."

Mzee Bonaventura alitazama pembeni. Joakimu alipita kati ya matuta, suruali ikichafuka, akihesabu kimoyomoyo kama anavyohesabu magunia, akarudi. "Nusu debe," alisema. "Maharage makavu. Nitaleta kesho."

"Madebe mawili."

"Mawili? Kwa kishamba hiki?" Joakimu alipandwa na hasira ya kweli, mishipa ikamsimama shingoni. "Mama Yonas, wewe ni mwizi. Unaniibia mchana kweupe."

Kifua cha Philomena kilipata joto. Tangu mvua zile hakuna aliyemwambia neno gumu, si mume, si jirani, si padri. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliogopa ingeonekana, akainama akaifunga kanga upya kiunoni, akaikaza. Nyuma yake alimsikia Sebastiani akisogea mbele, fimbo ikigonga mawe, akisema kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mwanzo wa mwaka kwamba madebe mawili ni machache, na mstari wa juu haujahesabiwa. Barabarani watu waliotoka misa walikuwa wamesimama. Fausta alikuwa miongoni mwao, anasikiliza.

"Mwizi nani?" Philomena aliuliza. "Hebu rudia hapo, Joakimu. Rudia mzee asikie."

Joakimu akarudia.